Spika Haikoromi Bure

Kwanza niweke sawa jambo moja, kabla wenye midomo hawajaliweka wanavyotaka wao. Ni kweli niliondoka Saudia bila kumwomba bosi radhi. Msinitetee kwa kusema labda Katana aliomba faraghani, labda alipitiwa. Sikupitiwa. Nilikataa, na hapa Mariakani nilipo sasa, barazani kwangu, miguu juu ya kigoda, bado nakataa.

Nyinyi vijana wa duka la Riyadh ndio mlionichokoza. Mlinipigia simu mkasema, "Mzee, tuandikie ulivyokuwa ukifanya, sisi huku tunabadilisha tu." Nilicheka, halafu nikakasirika. Kubadilisha tu! Mtu analeta gari redio inakoroma, mnang'oa spika, mnatia mpya, anaondoka anacheka, na baada ya wiki amerudi inakoroma vilevile. Huo si ufundi, huo ni uchuuzi wa kuvaa ovaroli. Basi someni. Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa, maana hayatawafaa kitu, na ukweli ni kwamba hayana urefu wa kusimuliwa.

Nilifika Jeddah na mkataba ulioandikwa fundi umeme wa magari. Haukudanganya sana. Hapa Mariakani malori hayakosi, na mimi nilikuwa nikifunga taa za breki na honi tangu ndevu hazijaota. Lakini duka nililopelekwa, mtaa wa Bani Malik, halikuwa na lori hata moja. Lilikuwa duka la kupamba magari: viti, mazulia, vioo vyeusi, redio na spika. Mtaa wenyewe ni majumba ya zamani yaliyobanana, kila chumba kimejaa watu wa nchi yake, na huku barabarani teksi zinaita abiria. Siku yangu ya kwanza nilibeba mazulia kutoka stoo hadi jioni. Hakuna aliyenionyesha hata bisibisi. Nikajiambia, haya Katana, umevuka bahari kuja kukunja mazulia.

Aliyenitoa kwenye mazulia ni mzee mmoja Myemeni, tukimwita Ami Salih. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na tabia ya kuongea na magari kuliko watu. Aliniona nimesimama nikimtazama anavyofungua kava la mlango, akanirushia spika mbovu.

"Bonyeza," akasema.

Nikaibonyeza ile karatasi ya mbele ya spika kwa kidole kimoja, katikati. Alinipiga mkono papo hapo. "Vidole vyote, kwa duara, polepole. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Ami."

"Nani amekuambia utumie masikio? Vidole vina kazi gani?"

Nikabonyeza tena, na kweli nikahisi. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo sana ndani, chuma kikigusa pasipotakiwa. Ile koili, msokoto wa waya ulio nyuma ya karatasi, ilikuwa imepinda na inasugua sumaku. Basi spika ya namna hiyo ndiyo iliyokufa. Ile ambayo vidole vinashuka na kupanda laini haijafa, hata ikikoroma mpaka majirani walalamike, na ugonjwa wake uko kwingine. Tulikuwa tukiongea Kiarabu cha gereji, mimi hapa nawatilia Kiswahili, lakini maneno yake ya siku hiyo nayakumbuka yalivyo: "Spika haikoromi bure. Inakwambia kitu. Ukiitupa, umemfukuza mleta habari."

Alinifundisha kwa mpangilio ambao nyinyi mnauruka. Kwanza kaa ndani ya gari, funga milango, usiguse chochote, sikiliza. Halafu peleka sauti yote kulia, kisha yote kushoto, ujue anayelalamika ni nani. Halafu badilishanisha nyaya, wa kulia uupeleke kushoto. Koromo likihama, basi spika haina kosa, kosa linatoka nyuma, kwenye redio, au amplifaya, au nyaya. Koromo likibaki palepale, fungua mlango. Mlango wenyewe unaweza kuwa ndio mwongo. Nilishaletewa teksi ambayo duka jingine lilishaitangazia kifo spika yake. Nilipofungua nikakuta kokwa ya tende imeingia kwenye tundu, imekaa juu ya karatasi, kila besi ikipiga inaruka. Mwenye teksi aliitazama ile kokwa, akaitia mfukoni, akasema anakwenda kuwaonyesha wale jamaa. Sijui waliona haya au walimfukuza.

Sasa nije kwenye jambo la kisomo, maana hapa ndipo habari yote inapokalia.

Ami Salih hakupima spika kwa muziki. Muziki, alisema, una kelele nyingi, kosa linajificha humo. Alipima kwa kisomo cha aya, sauti ya mtu mmoja bila ngoma wala kinanda, inayopanda na kushuka. Wateja nao ndicho walichopenda, wengi hawana kingine kwenye gari. Na alikuwa na aya yake moja, ndefu kuliko zote. Aya fupi haifai, maana amplifaya na koili hazijapata joto, na kosa la joto halionekani mwanzoni. Spika mbovu inaweza kujikaza dakika ya kwanza, lakini ikivutwa mpaka mwisho wa ile aya, itasema yote.

Mimi ni Mkristo, na alijua. Siku aliyonikabidhi ile rekodi alinikazia macho. "Si dini yako, sawa. Lakini utaiheshimu. Ukishaiwasha, aya haikatwi katikati. Simu ilie, mteja apige kelele, gari liwake moto, unangoja msomaji amalize ndipo uzime. Umenielewa?"

"Ami, mimi nimezaliwa Pwani," nikamwambia. "Adhana ndiyo iliyokuwa ikituamsha kwenda shule."

Akacheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. Na ile kanuni ikawa kanuni ya duka zima. Hata bosi, ambaye alikuwa mtu wa haraka na wa "yalla, yalla," aliifuata. Wakati wa swala duka lilifungwa, wenzangu walikwenda msikitini, na mimi nilibaki ndani, mlango umeshushwa, mtaa umetulia. Huo ndio wakati niliojifunza kusikia. Mlioko Riyadh mnautumia wakati ule kulala kwenye viti vya wateja.

Ami Salih alipochoka akarudi kwao. Aliniachia kipande cha waya mnene chenye klipu pande zote mbili, akikiita waya wa kuazima. Kazi yake ni rahisi. Kila amplifaya ina waya wa bodi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme upate njia ya kurudi. Ukishuku kwamba haurudi vizuri, unabana klipu moja kwenye amplifaya, ya pili unaigusisha kwenye chuma kitupu. Umeliazima gari njia. Likinyamaza koromo, umepata mgonjwa. Tena akaniambia, huku amebeba begi lake tayari, "Watu hufunga waya wa bodi juu ya rangi. Rangi haipitishi kitu. Kwaruza kwanza, mpaka chuma king'ae." Nikadhani ananiambia jambo ninalolijua. Nililijua, kweli, lakini nilikuwa bado sijaona linavyoweza kumla mtu.

Baada ya yeye kuondoka, bosi akabadilika. Au pengine alikuwa hivyo siku zote na Ami Salih ndiye aliyekuwa akimzuia. Akaleta desturi yake ya kwamba kila linalokoroma linabadilishwa. Mimi nilikuwa natengeneza chini chini, yeye akija ananikuta na chuma cha kulehemu mkononi, anapiga kofi la hasira juu ya meza. "Katana! Wewe daktari? Halas, basi, badilisha!" Namwitikia, "Sawa bosi," naendelea. Tulikwenda hivyo, yeye anagomba, mimi natengeneza.

Siku za kukaribia sikukuu duka huwa halina pa kukanyaga. Kila mtu anataka gari lake lipendeze. Ndipo lilipokuja gari jeupe la mzee mmoja wa mtaa wa Aziziya, mtu mwenye jumba, madam, watoto, na dereva wa nyumbani. Dereva alikuwa Mkenya mwenzetu, Otieno, kijana mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa aibu. Walitaka amplifaya mpya na spika mpya kote. Mimi nilikuwa chini ya gari jingine. Mteja akawa anapiga simu kuhimiza, bosi akaona aibu, akakunja mikono ya kanzu akasema atamalizia mwenyewe. Na alimalizia. Akatoka kifua mbele, akitutangazia wote kwamba mkono wake haujasahau kazi.

Sikukuu ilipopita na shule kufunguliwa, gari likarudi. Otieno peke yake, macho mekundu.

"Mzee Katana, nisaidie, bana. Redio inapasuka sauti. Baba, yule mwenye gari, anasema ni mimi nimeunguza. Eti nikingoja watoto shule nafungulia ngoma zangu mpaka mwisho."

"Na unafungulia?"

"Nafungulia nyimbo za kanisa, kidogo tu. Simu yangu ilibaki imeunganishwa kwa redio, madam akaona jina langu. Lakini mwisho? Naapa, mzee, hata kioo nilikuwa sijafunga, ingekuwa kelele askari wa shule angenifukuza." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Ameniambia leo ndiyo leo. Fundi akisema spika zimeungua, napigwa eksiti, narudi nyumbani. Na mamangu yuko kwa mashine ya figo, mzee. Kila wiki. Ni mimi tu. Nikirudi, hiyo mashine inazimwa."

Nilimwambia akae, anywe maji. Halafu nikazibonyeza spika zote, moja baada ya nyingine, vidole kwa duara. Laini. Hakuna hata moja iliyoungua. Nikabadilishanisha nyaya, koromo likahama. Nikafungua buti, nikainua zulia. Waya wa bodi ulikuwa umefungwa juu ya rangi nyeupe inayong'aa, bila hata mkwaruzo mmoja, na mwisho wake umezungushiwa utepe mwekundu. Sote pale dukani tulitumia utepe mweusi. Mwekundu ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeivaa, ina jina la duka mgongoni.

Nilikwenda kwa bosi kwa adabu. Nikamkuta na chai. Nikamwambia, "Bosi, spika nzima. Ni waya wa bodi, uko juu ya rangi. Nipe muda mdogo nikwaruze, nimwambie yule baba limepona, yaishe."

Hapo mambo yangekwisha. Mimi sikuwa na haja ya kumtaja mtu. Lakini bosi alikuwa ameshazungumza na yule mzee kwenye simu, ameshamwambia kwamba ni dereva, na ameshamtolea spika nyingine kwenye stoo.

"Utasema zimeungua," akaniambia. "Dereva kapiga kelele, koili zimekwisha. Mafi kalam, hakuna maneno."

"Siwezi, bosi."

"Huwezi nini? Mdomo huna?"

"Ninao. Ndio maana siwezi."

Akaweka kikombe chini. "Kibali chako cha kukaa, ikama yako, iko kwa nani, Katana?"

"Kwako, bosi."

"Kafili wako, aliyekudhamini, nani?"

"Wewe."

"Basi." Akaendelea na chai yake.

Wenzangu walikuwa wamesikia. Mmoja, mtu mwema, alinivuta kando akaniambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia mimi sina haja ya kuukata wala kuubusu, nataka tu usinishike mdomo. Lakini msidhani sikuogopa. Nilikuwa na watoto shule, nilikuwa na mke anayenitegemea, na ikama ikishakatwa wewe si fundi tena, wewe ni mzigo uwanja wa ndege. Otieno alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, amejikunyata, anatazama lami. Nikimtazama yeye hofu inageuka hasira. Ebo! Mtu afukuzwe kazi, mama yake atolewe kwenye mashine, kwa sababu mtu mwingine aliona uvivu kushika msasa?

Yule mzee wa Aziziya alifika baada ya swala ya alasiri. Mtu wa makamo, ndevu nyeupe zilizochongwa, hana maneno mengi. Otieno akasimama. Bosi akampokea kwa salamu ndefu, akamuuliza hali ya watoto mmoja mmoja, kisha akanigeukia mbele yake. "Huyu ndiye fundi wangu mkubwa. Mwambie, Katana. Spika zimekuwaje?"

Nikasema, "Baba, maneno ya fundi ni maneno tu. Ingia ukae mwenyewe usikilize."

Bosi akanikodolea macho. Mzee akaingia, akakaa kiti cha dereva. Bosi akakaa kando yake, upande wa redio, ili awe karibu na kitufe. Nikaweka ile rekodi ya Ami Salih, ile aya ndefu kuliko zote, nikaongeza sauti, nikaenda nyuma nikafungua buti. Waya wa kuazima ulikuwa mfukoni.

Mwanzo msomaji alitoka vizuri. Bosi akajiegemeza. Halafu amplifaya ikapata joto, sauti ikapanda, na koromo likaanza, likipasua kila neno. Mzee akakunja uso. Bosi akasema, "Umesikia? Zimeungua," akanyoosha mkono azime.

Mzee akainua kidole kimoja. Aya ilikuwa inasomwa.

Na bosi akarudisha mkono wake, maana hakuna Mwislamu wa kumkata msomaji katikati mbele ya mzee mwenzake, na hakuna aliyeijua kanuni hiyo kuliko yeye. Nikabana klipu ya kwanza kwenye amplifaya. Ya pili nikaigusisha kwenye komeo la buti, chuma kitupu.

Koromo likakatika. Sauti ikatoka safi, tamu, hata mpita njia akageuka. Nikaondoa klipu, likarudi. Nikagusisha, likanyamaza. Mzee akanitazama kupitia kioo cha pembeni, mimi nikainua mkono wangu juu ili aone ninachoshika. Nikashusha, safi. Nikainua, koromo. Bosi alikuwa amekaa palepale, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Hangeweza kuzima, hangeweza kutoka, hangeweza kupiga kelele. Msomaji hakuwa na haraka. Tulingoja, sisi sote, mpaka alipofika mwisho na kunyamaza.

Mzee akazima mwenyewe. Akashuka, akaja nyuma, akautazama ule waya juu ya rangi, akaugusa ule utepe mwekundu kwa ncha ya kidole. "Nani alifunga hapa?"

Otieno alikuwa haelewi kinachoendelea, ananitazama mimi, anamtazama yeye. Bosi alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

"Sisi, baba," nikasema. "Duka letu. Dereva wako hana kosa. Spika zote nzima."

Halafu Otieno, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, akasema maneno matatu tu, na alisema akilia: "Baba, mama, mashine." Yule mzee akamwekea mkono begani. Sikuwahi kuona hilo kabla, bosi wa nyumba kumgusa dereva bega. Kisha akanigeukia.

"Unajua hiyo aya inahusu nini?"

"Sijui, baba. Niliichagua kwa urefu wake."

"Inahusu mashahidi, kwamba wakiitwa wasikatae kusema," akasema. "Kwaruza hapo, ufunge upya. Yalla, Otieno, watoto wanatoka madrasa."

Nikakwaruza, chuma kikang'aa, nikafunga, wakaondoka. Zile spika mpya zilirudi stoo. Nikajua sasa ni zamu yangu.

Bosi alingoja gari lipinde kona. "Utaniomba radhi. Hapa, mbele ya wote."

"Kwa lipi, bosi?"

"Umenivunjia heshima mbele ya mteja."

"Kama nilipaza sauti, nisamehe sauti. Kama nilikunja uso, nisamehe uso. Kwa nilichokisema, hapana."

"Nitakurudisha kwenu."

"Nirudishe."

Hakunirudisha. Msifikiri ni huruma. Wateja walikuwa wakija kuniulizia kwa jina, na yeye ni mfanyabiashara. Akanipeleka Riyadh, kwenye tawi jipya alilokuwa amefungua nyuma ya mtaa wa Olaya, mahali ambapo hakuna fundi aliyekubali kwenda. "Ukale vumbi," akaniambia. Thubutu! Vumbi lile ndilo lililonifanya niwe fundi kamili. Jeddah unyevu wa bahari unaozesha nyaya na kuziotesha kutu. Riyadh jua linakausha mpira wa pembeni ya spika mpaka unapasuka, na vumbi jembamba linaingia kwenye koili, linakwaruza polepole. Nilijifunza upya. Walinzi na wafagiaji wa maofisi ya Olaya, Wakenya wengi, wakawa wanapita kwangu na redio zao ndogo, na nilitengeneza zote. Nilianza kule mapipa ya takataka yakiwa mbele ya duka, nikaondoka watu wanashuka metro kuja kutuulizia.

Kila sikukuu bosi alikuja Riyadh kukagua. Mnajua desturi, siku kama zile watu huombana radhi. Alikuwa akinishika mkono, ananitazama, anasema neno moja tu: "Bado?"

Nami namjibu, "Bado, bosi. Eid mubaraka."

Tulizeeka katika hilo. Nyinyi wengine mlikuwepo, mkacheka mkidhani ni utani wetu. Haukuwa utani. Yeye alikuwa anasubiri, na mimi nilikuwa nakataa.

Wakati wa kuondoka moja kwa moja ulipofika, ilibidi nipitie Jeddah, maana pasipoti na karatasi za kutoka zilikuwa kwake. Nilimkuta amezeeka kweli, anatembea na fimbo, duka sasa lina vioo mbele. Akanipa karatasi zote, hazikukosa hata moja. Halafu akanishika mkono. Msafiri asiyerudi huombwa radhi na kuomba, hiyo ni lazima.

Basi nikaomba. Nikamwomba radhi kwa siku nilizochelewa, kwa kioo nilichopasua, kwa maneno niliyomsema kwa Kigiriama akidhani namsifu. Akacheka kwa hilo la mwisho. Akaniomba na yeye, kwa kelele, kwa chakula kibaya, kwa sikukuu ambazo hakunipa ruhusa. Lakini mkono hakuuachia.

"Na ile?"

"Ile hapana, bosi."

"Unaondoka milele, Katana. Hatutaonana."

"Najua. Ile hapana."

Akaachia mkono. Akasimama kidogo, akageuka, akasema nimfuate. Nyuma ya duka kulikuwa na gari lake mwenyewe. Akawasha. Kisomo kikatoka, na koromo ndani yake, lile lile ninalolijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Tukangoja aya iishe, akazima. Nikafungua buti, nikainua zulia. Waya wa bodi juu ya rangi, na utepe mwekundu.

"Nilifunga mwenyewe," akasema. "Vijana wote walikuwa na kazi."

Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kumwambia, nikayameza.

Akatazama ule waya kitambo. "Yule dereva. Otieno. Yuko wapi?"

"Yuko palepale Aziziya. Siku hizi anaendesha wajukuu."

"Na mama yake?"

"Amefariki, bosi. Mwaka jana. Alikufa usingizini, nyumbani kwake. Mashine haikuzimwa hata wiki moja."

Bosi akaegemeza fimbo kwenye gari. Nikafungua begi langu, nikatafuta msasa, nikainama nianze kazi. Akanigusa bega. Akanyoosha mkono, nikampa. Alipiga magoti pale kwenye saruji, na kanzu yake nyeupe, akafungua nati kwa vidole vyake, akauondoa waya wake kando. Halafu akaanza kukwaruza. Sikumsaidia, na hakuomba msaada. Alikwaruza mpaka rangi ikaisha, chuma kikang'aa, na bado akaendelea.

Sikumwomba radhi. Na safari hii hakuniuliza.